Maswali ya wasomaji: Sakafu ya travatini inayong'aa kupita kiasi

SWALI

Assalamu alaikum, mshauri. Mwaka huu tumehamia katika nyumba iliyoko Nyali, Mombasa, ambayo sebule na chumba cha kulia vimewekwa vigae vya jiwe la travatini vya rangi ya krimu. Mwenye nyumba wa awali alivisugua mpaka taa za dari zikawa zinaonekana sakafuni. Alasiri, jua linapopenya kutoka barazani, macho yanauma, kila unyayo unajionyesha, na kandokando ya meza ya chakula kuna alama za duara zilizofifia ambazo hazitoki hata zikisuguliwa kwa sabuni ya aina gani. Mama mkwe, ambaye miguu yake haina tena nguvu, anatembea akishikilia ukuta kwa kuogopa kuteleza. Fundi mmoja ametushauri tung'oe vigae vyote tuanze upya, na mwingine anasema ana vanishi ya kuua mng'ao. Je, hakuna njia ya kupunguza mng'ao huu na jiwe likabaki salama?

Mama wa nyumba, Nyali, Mombasa

JIBU

Waalaikumu salaam, dada yetu. Njia ipo, na vigae vyenu havina sababu ya kung'olewa. Kabla ya kuitaja njia yenyewe, ni vyema mkafahamu mng'ao huo unatoka wapi, kwa sababu makosa mengi yanayoharibu sakafu za namna hii huanzia hapo. Travatini iliyong'arishwa kiwandani au na fundi haikupakwa kitu cha kung'aa. Uso wake ulisagwa kwa pedi za almasi zenye chembe ndogo, kisha ndogo zaidi, mpaka mikwaruzo ikawa midogo kiasi cha jicho kutoiona, na mwanga ukawa unarudi kwa pamoja badala ya kutawanyika. Kuupunguza mng'ao, basi, ni kurudi hatua chache nyuma katika njia ileile: uso unasagwa tena kwa maji na kwa chembe kubwa kidogo, na kazi inasimamishwa pale mwanga unapotulia kwa kiwango mnachokitaka. Kinachoondolewa ni sehemu ndogo mno ya milimita, na kwa kuwa vigae vingi vya travatini vina unene wa karibu milimita 12, hamtapoteza chochote cha kuhesabika.

Hizo alama za duara kandokando ya meza ndizo zinazonipa hakika kwamba sakafu yenu inahitaji tiba hii. Travatini ni jamaa wa chokaa. Imejengwa na kabonati ya kalsiamu iliyoachwa na maji ya chemchemi, mara nyingi ya moto, na kila kitu chenye uchachu huila. Tone la ndimu, siki ya kachumbari, maji ya ukwaju au soda iliyomwagika ikaachwa kwa dakika chache, vyote hula ule uso laini na kuacha mahali pasipong'aa. Ndiyo maana sabuni haisaidii: hapo hapana uchafu wa kuondoa, pana mng'ao uliopotea. Sakafu nzima ikishushwa mpaka kiwango hicho au chini yake kidogo, duara hazitaonekana, na zitakazokuja baadaye zitajificha kwa sehemu kubwa. Nawaomba hata hivyo msichukue neno hili kama ahadi kwamba ndimu haitakula tena. Itakula vilevile, ila alama yake haitapiga kelele.

Upo ushahidi mzuri kwamba jiwe hili halihitaji kung'aa ili lipendeze. Kuta za nje za Colosseum mjini Roma, uwanja wa kale wa maonyesho uliozinduliwa karibu mwaka 80 baada ya Kristo, zilijengwa kwa travatini iliyochimbwa upande wa Tivoli, mji ulio karibu na Roma. Zaidi ya miaka 1,900 baadaye, msanifu Richard Meier alichukua jiwe la eneo hilohilo kwa ajili ya Getty Center, kituo cha sanaa na makumbusho cha Los Angeles, Marekani, kilichofunguliwa mwaka 1997, na sehemu kubwa ya jiwe hilo akaiacha na uso mkavu wa kupasuliwa, ambamo alama za majani ya kale bado zinaonekana. Kwa maoni yangu, travatini iliyong'arishwa kupita kiasi hupoteza kilicho bora ndani yake, yaani mistari na vitundu vinavyosimulia jinsi maji yalivyopita.

Sasa tuingie kazini. Anzeni kwa kuthibitisha kwamba juu ya jiwe hapana tabaka lolote la nta au vanishi, kwa kuwa mwenye nyumba wa awali huenda aliongeza kitu bila ya kuwaambia. Tafuteni mahali pasipoonekana, kwa mfano nyuma ya mlango au chini ya kabati lisilohamishwa, mkwangue taratibu kwa wembe uliolazwa. Kikitoka kitu chembamba cha kunata au cha plastiki, lipo tabaka. Kisha dondosheni tone moja la maji ya ndimu hapohapo, msubiri dakika mbili tatu, mpanguse na kukausha. Jiwe tupu litatoa povu dogo na kuacha nukta iliyofifia. Jiwe lililofunikwa halitashtuka. Kama tabaka lipo, lazima litolewe kwanza kwa dawa yake, maana pedi za almasi zikipita juu ya nta huziba na kuanza kuburuza uchafu tu.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote, na ndiyo mafundi wengi huiruka. Kabla hamjakubaliana bei, mwambieni fundi atengeneze kipande cha mfano ndani ya nyumba yenu, juu ya vigae vyenu. Kigae kimoja akiishie pedi ya namba 200, cha pili namba 400, cha tatu namba 800, vyote vikiwa bega kwa bega. Namba inavyokuwa kubwa ndivyo chembe zinavyokuwa ndogo na mng'ao unavyopanda. Kwa jumla, 200 huacha uso mkavu usiorudisha mwanga, 400 huacha ulaini uliotulia usio na kivuli cha taa, na 800 huanza kuonyesha mng'ao hafifu ukitazama kwa ubavu dhidi ya dirisha. Vitazameni asubuhi, alasiri jua linapoingia, na usiku chini ya taa, vikiwa vimekauka kabisa, kwa sababu jiwe lenye maji hudanganya: linaonekana limeng'aa hata kama limesagwa kwa chembe kubwa. Mkishachagua, kigae hicho kibaki bila ya kuguswa mpaka siku ya kukabidhiana kazi, na ndicho kiwe mkataba. Maneno kama "mng'ao wa kati" au "nusu kung'aa" hayana maana moja kwa watu wawili, na ugomvi mwingi kati ya mwenye nyumba na fundi hutokana nayo. Kwa sebule yenye jua kama yenu ningechagua 400.

Jambo moja litawashtua mkivitazama vigae hivyo vya mfano, nalo ni rangi. Jiwe lisilong'aa huonekana jeupe zaidi na mistari yake hupoa, sawa na kokoto ya ufukweni inavyokuwa na rangi kali ikiwa imelowa na kupauka ikikauka. Rangi haijatoka; mwanga ndio unaotawanyika kwa namna nyingine. Wanaoikosa ile rangi nzito wanaweza kutumia dawa ya kukinga jiwe ambayo pia inakoleza rangi bila ya kurudisha mng'ao, lakini nayo ijaribiwe kwanza juu ya kile kigae cha mfano, kwa sababu ikishaingia ndani ya jiwe ni taabu kuitoa.

Siku ya kazi, vyombo vyote vitolewe, ubao wa chini ya ukuta na fremu za milango vifunikwe kwa nailoni na utepe, na vitundu vilivyo wazi vijazwe kwa rizini (gundi inayoganda ikawa ngumu) au kijazio cha saruji cha rangi inayokaribiana na jiwe, kisha viachwe vikauke vizuri. Mashine inayofaa ni ile nzito ya diski moja inayozunguka polepole, mizunguko kama 150 hadi 175 kwa dakika, ikiwa na pedi za almasi chini yake na maji ya kutosha sakafuni. Kama tatizo ni mng'ao peke yake, fundi anaweza kuanza moja kwa moja na 400. Kama ndimu imekula kwa kina kiasi cha kuhisika kwa ukucha, aanze na 200 kisha 400. Na kama kuna mikwaruzo ya viti vilivyoburuzwa, aanze na 100, aende 200, kisha 400. Asiruke hatua, kwa sababu 400 haina nguvu ya kufuta mikwaruzo ya 100, na mikwaruzo hiyo itakuja kuonekana jua likipiga kwa ubavu, vyombo vikiwa vimesharudishwa ndani. Asimamie namba badala ya rangi ya pedi, kwa kuwa kila kiwanda kina rangi zake.

Kila sehemu ipitwe kwa kwenda na kurudi, kisha kwa kukingama, kila mpito ukipanda juu ya nusu ya mpito uliotangulia. Maji yatageuka tope jeupe kama tui zito. Tope hilo livutwe kwa mashine ya kunyonya maji kabla halijakauka, sakafu isuuzwe kwa maji safi, na ndipo pedi inayofuata ifungwe. Chembe moja ya 100 iliyobaki chini ya pedi ya 400 inatosha kuchora duara jipya sebuleni. Tope lenyewe lisimwagwe kwenye sinki wala kwenye shimo la maji machafu, kwa sababu hutulia chini na kuganda; liachwe ndooni lizame, maji ya juu yamwagwe nje, na masalia yatupwe kwenye taka.

Pembezoni mwa kuta ndipo fundi anapojulikana. Mashine kubwa haifiki kwenye sentimita chache za mwisho, na zikiachwa zilivyo, chumba kitabaki na fremu inayong'aa kukizunguka. Pasagwe kwa mashine ndogo ya mkono ya kutumia maji yenye mwendo wa kupunguzwa, au kwa pedi za mkono na uvumilivu, kwa namba zilezile na kwa mfuatano uleule. Kwa kuwa umeme na maji vinakutana hapo, saketi inayotumika iwe na swichi inayokata umeme unapovuja. Hilo si la kujadiliwa.

Sakafu ikishasagwa iachwe ipumue. Katika hewa ya pwani, siku mbili au tatu zenye madirisha wazi na pangaboi si nyingi, kwa sababu jiwe hubaki na maji ndani hata uso ukiwa umekauka. Kisha ipakwe dawa ya kukinga inayopenya ndani ya jiwe, isiyotengeneza ngozi juu yake. Iachwe kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, na inayobaki juu ipanguswe yote kabla haijakauka, kwani ikiachwa huwa utando wa kunata unaoshika vumbi. Dawa hii hupunguza kasi ya mafuta, chai na bizari kuzama ndani ya jiwe. Haizuii uchachu kulila jiwe, na muuzaji anayedai kwamba inazuia hajasema kweli.

Kuhusu mama mkwe, uso wa 400 utampa mguu mshiko bora kuliko huu wa sasa, hasa sakafu ikiwa na unyevu, ingawa mafuta yaliyomwagika huteleza juu ya jiwe lolote. Wekeni mkeka wenye mpira chini yake kwenye mlango wa barazani. Mkeka huo utaifaa sakafu pia, kwa sababu mchanga wa ufukweni wenye madini ya quartz una ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini kutoka 1 hadi 10, ilhali travatini ni kati ya 3 na 4, na kila ndala inayoingia na mchanga inafanya kazi ya msasa usioalikwa. Mnapopiga deki, tumieni sabuni isiyo na uchachu wala magadi makali, na kama maji yenu ni ya kisima chenye chumvi, malizieni kwa maji matamu, la sivyo chumvi itaacha ukungu mweupe ambao watu huudhania kuwa jiwe limeharibika.

SWALI

Habari za kazi, mshauri. Mimi ni fundi wa terazo, na mashine yangu ya kusagia ninayo na mawe yake. Siku hizi wateja wananiita kwenye nyumba zenye travatini, wanataka mng'ao upungue. Naweza kuitumia mashine hiyohiyo? Mwenzangu mmoja anasema haina haja ya kusaga, unamwaga tu ile dawa ya asidi ya kutolea saruji, unaiacha kidogo, unasuuza, mng'ao umekwisha.

Fundi, Temeke, Dar es Salaam

JIBU

Salama, fundi. Tuanze na la asidi, kwa kuwa ndilo la hatari. Ni kweli kwamba mng'ao utaondoka, tena kwa sekunde chache. Lakini asidi haichagui wala haipimi. Katika travatini ipo mishipa iliyo laini na iliyo migumu, nayo huila ile laini kwanza, ikaacha uso wenye mabonde madogo ambayo vidole vinayahisi na ambayo uchafu utakaa humo daima. Saruji iliyo kati ya vigae nayo italika, vijazio vya vitundu vitalegea, na mvuke wake utashambulia bawaba, vitasa na kila chuma kilichomo chumbani, bila ya kusahau kifua chako mwenyewe. Mteja ataona madoa ya mawingu mawingu siku sakafu itakapokauka, na dawa ya kuyaondoa madoa hayo ni kulekule kusaga ulikokukwepa, safari hii ukianzia chini zaidi. Kazi hiyo usiipokee.

Ama mashine yako ya terazo, mwili wake unaweza kukufaa kama mwendo wake ni wa polepole na kama unaweza kuufungia sahani ya kubeba pedi za almasi. Yale mawe ya kusagia terazo yaweke pembeni kabisa. Terazo ni chipsi za marumaru zilizoshikwa na saruji, tena inamwagwa mahali pamoja ikawa bamba moja nene. Travatini ni jiwe lenye mapango ndani yake, na mara nyingi juu ya pango pana paa jembamba kuliko ukucha. Jiwe kali la kusagia likipita hapo, paa linavunjika, na sakafu iliyokuwa imefungwa inafunguka vitundu ambavyo mteja hakuwahi kuviona. Hata kwa pedi za almasi vitundu kadhaa vitafunguka, kwa hiyo mweleze mteja mapema, uweke gharama ya kuvijaza katika hesabu yako, na uwe na kijazio cha rangi mbili tatu ili uchanganye kulingana na kigae. Ukishajaza na kikakauka, rudia namba mbili za mwisho juu ya sehemu hiyo ili kijazio kikae sawa na jiwe.

Kwenye jambo hili mng'ao mdogo utakusaidia. Kijazio cha saruji hakikubali kung'aa kama jiwe, na ndiyo maana kwenye sakafu iliyong'arishwa sana kila kitundu kilichojazwa huonekana kama kiraka kilichokufa. Ukiishia 400, jiwe na kijazio hukaribiana, na macho hayavitenganishi tena kwa urahisi.

Usisage kikavu hata kama mteja analalamikia maji. Travatini safi ina silika kidogo (madini yaliyomo kwa wingi katika mchanga), lakini saruji ya viungo na vijazio ina mchanga, na vumbi la silika likiingia mapafuni halitoki. Ukilazimika kukata au kukwangua sehemu ndogo kikavu, vaa barakoa ya vumbi laini inayobana vizuri usoni, maana kitambaa cha kufunga puani hakizuii kitu.

SWALI

Bafu letu lina travatini sakafuni. Miaka michache iliyopita tulipakiwa kitu cha kuifanya isiwe na mng'ao, na ilipendeza kwa muda. Sasa sehemu ya kuogea imekuwa na mabaka meupe, na pengine inabanduka ukikwangua kwa ukucha. Tuongeze tabaka jingine?

Msomaji, Muscat, Oman

JIBU

Msiongeze. Mlichopakiwa ni ngozi iliyokaa juu ya jiwe, na jiwe la bafuni hunywa maji kupitia viungo na kutokea chini. Maji hayo yanapotaka kutoka hukutana na ngozi hiyo, yakanaswa chini yake, ikawa ndio weupe mnaouona. Tabaka la pili litayafungia zaidi.

Tafuteni dawa ya kuyeyusha tabaka la aina hiyo. Kama kopo la awali halipo, jaribuni sehemu ndogo kwa dawa ya kutolea nta yenye asili ya maji kwanza, na isipofanya kazi ndipo mjaribu ile yenye kiyeyushi, madirisha yakiwa wazi na pasiwe na moto wala hita karibu. Iacheni ilowe kwa muda ulioelekezwa, msugue kwa brashi ya nailoni, mvute uchafu, na mrudie mpaka tone la maji likidondoshwa lizame au litandae sawasawa kila mahali. Suuzeni mara kadhaa. Brashi ya waya isiguse jiwe, kwa sababu huacha chuma ambacho baadaye hugeuka kutu.

Baada ya hapo jiwe lisagwe kama nilivyomweleza dada wa Nyali, ila kwa bafu ningeshuka mpaka 200 na kuishia hapo, kwa ajili ya mshiko wa mguu wenye sabuni. Vigae vya bafuni huwa vidogo na sakafu ina mteremko wa kuelekea kwenye tundu la maji, kwa hiyo mashine kubwa haitakaa vizuri. Kazi itakuwa ya mashine ndogo ya maji na ya magoti. Saruji ya viungo iliyolegea itolewe na kujazwa upya. Kisha bafu lisitumike mpaka likauke, jambo ambalo kwa sakafu iliyonywa maji kwa miaka linaweza kuchukua wiki au zaidi hata katika joto la Muscat. Gandisheni kipande cha nailoni sakafuni kwa utepe pande zote usiku mmoja: mkikuta matone chini yake asubuhi, subirini, pakiwa pakavu, ndipo mpake dawa ya kukinga inayopenya, isiyoacha kitu juu.